Meli Kubwa Kutoka Bara

Msomaji, ukifika Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, wakati wa kiangazi, utakuta mito ya mchanga mtupu. Akina mama huchimba humo wapate maji. Hapo nani angewaza habari za meli?

Lakini jua kuwa Norwegian Dawn, iliyotia nanga Mombasa Januari 2024 na watalii zaidi ya 2,000, iliundwa bara: Papenburg, Ujerumani, kando ya mto Ems. Ilikamilika mwaka 2002, na urefu wake ni karibu mita 294.

Huko mafundi huunga vipande vya chuma ndani ya banda kubwa, kisha maji hujazwa meli ielee. Ili ipite mtoni, lango la Gandersum hufungwa, maji yapande. Ndani ya meli mna thieta, mikahawa na mabwawa ya kuogelea. Mitambo hugeuza maji ya bahari kuwa matamu.

Ukambani nako ukuta hujengwa mtoni. Mchanga hujaa nyuma yake, ukahifadhi maji ya mvua. Mjerumani huzuia mto ili meli ipite. Mkamba huuzuia ili mtoto anywe. Ukikaribishwa kikombe cha maji Zombe, usibakishe.