Tiketi Mbili na Mche wa Sabuni

Pembe ya chini kulia ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Asiyewahi kutunga fumbo la maneno kwa Kiswahili hawezi kuijua taabu yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na katika pembe ile neno linalokwenda kulia na neno linaloteremka chini hukutana kwenye herufi zao za mwisho. Ukiwa na nazi na mbuzi, umemaliza. Lakini mimi sikuwa natunga fumbo la nazi na mbuzi. Nilikuwa natunga fumbo la kutangaza picha za Kihindi, na majina ya mastaa wake yaliishia ukutani: Kapoor, Kumar, Bachchan, Khan.

Siku nilipogundua kwamba Kapoor na Kumar wote wanaishia na R, niliruka kitini. Raj Kapoor nikamlaza, Kishore Kumar nikamsimamisha, wakakutana pembeni kama watu waliopeana miadi.

Ilikuwa Dar es Salaam, miaka ya 1970, katika gazeti moja la wiki. Kazi yangu hasa ilikuwa kusahihisha prufu. Fumbo nilibebeshwa kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote chumbani na nilijulikana kwa kupenda sinema. Jijini tulikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, na kwa wenye magari kulikuwa na Drive-In kule Msasani. Jumapili ya picha mpya ya Kihindi, foleni ilizunguka jengo, na walanguzi walishanunua tiketi zao tangu asubuhi.

Makubaliano yetu na mwenye ukumbi mmoja yalikuwa rahisi. Yeye hakutaka kulipia robo ukurasa, nasi hatukuwa na zawadi ya kumpa msomaji. Akatupa tiketi kumi kwa wiki, tukampa robo ukurasa. Hakuna aliyemlipa mwenzake hata senti. Msomaji alijaza fumbo, akakata kuponi kwa mkasi, akaibandika kwenye karatasi na kuipeleka posta. Kuponi ilipaswa kuwa ile ile ya gazetini. Ndiyo maana gazeti letu, ambalo lilisomwa na mtaa mzima, lilifika kwa kinyozi likiwa na tundu la mraba.

Yule mzee mwenye ukumbi alikuwa ameujua mchezo huu tangu zamani. Siku moja alinifungulia kabati lake, akanionyesha vitabu vya matangazo ambavyo kampuni za Marekani zilikuwa zikiwapelekea wenye kumbi pamoja na filamu zao za nyimbo. Humo ndani kila kitu kilikuwa tayari: mabango, picha za watoto kupaka rangi, nyuso za mastaa zilizokatwa vipande ili msomaji aziunganishe. Marekani ndiko fumbo la maneno la magazetini lilikozaliwa, tarehe 21 Desemba 1913, katika gazeti la New York World, mtunzi akiwa Arthur Wynne, Mwingereza wa Liverpool. Picha za Kihindi zilikuwa na desturi yake nyingine: kijitabu chembamba chenye muhtasari wa hadithi na maneno ya nyimbo. Mzee alinipa vile vijitabu, nami nikawa nachota humo vidokezo vyangu.

Fumbo lilikuwa na kazi nyingine pia, ya kununua muda. Kopi za filamu zilizoingia Afrika Mashariki zilikuwa chache, zikizunguka mji baada ya mji. Ukitangaziwa kwamba picha inakuja wiki hii, huenda ikaja wiki ya tatu. Katikati hapo watu wapoe? Fumbo liliwaweka juu ya makaa. Nyimbo zilikuwa zimeshatangulia kwa santuri na redio, na mtu aliyejaza mafumbo matatu aliingia ukumbini akimjua mtunzi wa muziki, akijua nani mtoto wa nani katika hadithi, na akijua ni wimbo gani wa kuusubiri.

Si kila mara nilifanya vizuri. Ilipokuja Sholay, picha ya mwaka 1975, nilikuwa natafuta neno la herufi tatu linaloishia na I. Nikaandika kidokezo: "Steringi anayekufa." Jibu: JAI. Kila mtu wa Dar alijua sheria ya sinema kwamba steringi hafi, adui ndiye anayekufa. Jumatatu simu ililia. "Kijana," mzee akasema, "umeniulia picha." Mhariri aliniita, nikasimama mbele ya meza yake nikiangalia viatu. Lakini barazani kukawa hakuna mazungumzo mengine. Wengine walisema gazeti limekosea, wengine walisema Amitabh Bachchan, aliyecheza kama Jai, hawezi kukubali kuuawa. Wakaenda kuhakikisha. Mzee hakunipigia simu tena wiki ile.

Vidokezo vya nyimbo ndivyo vilivyoleta ugomvi mtamu zaidi. Katika sinema ya Kihindi, mara nyingi mwigizaji hufumbua mdomo tu, sauti ni ya mtu mwingine. Katika Awaara ya 1951, sauti inayotoka kinywani mwa Raj Kapoor ni ya Mukesh, na wanawake wengi tuliowapenda kwenye kitambaa cheupe waliimbiwa na Lata Mangeshkar. Baadaye, ilipotuzukia Disco Dancer ya 1982 na vijana wote wakataka kuvaa kama Mithun Chakraborty, niliuliza ni nani anayeimba wimbo wenye jina la picha hiyo. Jibu lilikuwa Vijay Benedict. Barua zikamiminika. Moja ilianza hivi: "Ndugu Mtunga Fumbo, mke wangu amemwona Mithun akiimba kwa macho yake mwenyewe." Nilimjibu gazetini kwa heshima zote, na wiki iliyofuata watu wakawa wanauliza kuhusu kila wimbo, sauti ni ya nani.

Wengine walinifundisha mimi. Nilipouliza wimbo fulani umetoka picha gani, msomaji mmoja wa Tanga aliandika kwamba yeye aliujua kwanza kwa maneno ya Kiswahili, katika taarabu ya Juma Bhalo wa Mombasa, ambaye alizitia mahadhi ya Kihindi tungo nyingi za Kiswahili. Tangu hapo vidokezo vyangu vikawa vinapita Mombasa kabla ya kufika Bombay.

Mabadiliko hayakubisha hodi. Yaliingia na sabuni. Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na kabla na baada yake sabuni, sukari na unga vilikuwa vitu vya foleni. Mzee, kwa kuona tiketi hazisisimui tena kama zamani, alipata kwa kibali katoni ya sabuni, akasema tumpe kila mshindi tiketi mbili na mche mmoja. Barua ziliongezeka hata tukakosa pa kuziweka. Nilifurahi, hadi nilipoanza kuzifungua. Majibu yote yalikuwa sawa, hata makosa yalikuwa sawa. Kumbe Kariakoo kulikuwa na mtu anayelijaza fumbo Jumapili asubuhi na kuuza majibu hadi jioni.

Mshindi mmoja, mama wa makamo kutoka Magomeni, alikuja ofisini, akasaini daftari, akaufunga mche kwenye upindo wa khanga na kuziacha tiketi mezani.

"Mama, umesahau tiketi," nikamwambia.

"Sijasahau, mwanangu. Picha nitasimuliwa. Sabuni haisimuliwi."

Nilicheka siku ile. Leo naona kwamba hapo ndipo zawadi ilipoipita picha. Fumbo lilibaki gazetini, lakini lilikuwa limegeuka kuwa mlango wa kupitia tu.

Kisha karatasi ikaadimika, gazeti likapungua kurasa, na fumbo langu likanywea hadi miraba michache. Na video ikaingia. Vibanda vilichipuka kila mtaa, benchi na televisheni moja, na baadaye wakaja watafsiri wa kina Lufufu, walioigeuza picha kwa Kiswahili huku wakiongeza chumvi yao. Mkanda ulifika mtaani kabla filamu haijafika ukumbini. Utamsubirisha nani kwa fumbo, wakati jirani yake ameshaiona picha mara mbili?

Nilipata fumbo moja la mwisho la kujivunia. Ilikuwa Sarafina!, filamu ya nyimbo ya mwaka 1992 iliyotokana na tamthilia ya Mbongeni Ngema, inayohusu wanafunzi wa Soweto. Nilikaa na karatasi yangu nikijiandaa kwa vita vya pembeni, na vita havikuja. Soweto inaishia na O. Khumalo, yaani Leleti Khumalo aliyecheza kama Sarafina, naye anaishia na O. Makeba, aliyecheza kama mama yake, na Masekela, aliyeshirikiana na Ngema katika muziki wa tamthilia, wote A. Majina yaliingia yenyewe kama ng'ombe wanaojua zizi. Chini kabisa nikaweka kidokezo ambacho hakikuhitaji kijitabu cha mtu: "Mahali karibu na Morogoro walikosoma vijana waliokimbia ubaguzi." MAZIMBU. Shule ya ANC ya Solomon Mahlangu ilianzishwa pale mwaka 1978, na mwaka ule ule wa filamu, 1992, ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Wasomaji walioandika mara hii walikuwa wachache, lakini barua zilikuwa ndefu. Mwalimu mmoja alieleza jinsi alivyocheza mpira na vijana wa Mazimbu. Tulikuwa na washindi kumi. Waliokuja ukumbini ni wanne. Wengine walishaiona kwenye video.

Mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, na kumbi zikaendelea kufungwa moja baada ya nyingine. Niliacha kazi ya magazeti nikiwa bado nina nusu daftari la majina yanayoishia na R.

Simu zikaja na mashindano yao. Tuma neno kwenda namba fulani, ujishindie. Binti wa dada yangu alituma ujumbe zaidi ya ishirini usiku mmoja, kila mmoja ukikatwa hela, akashinda shukrani. Sasa ni zamu ya mitandao. Juzi mjukuu wangu alinionyesha tangazo la filamu mpya ya Kiswahili, yenye nyimbo nzuri kabisa, na tiketi za bure. Masharti: fuata ukurasa, penda picha, taja marafiki watatu.

"Swali liko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna swali, babu. Unataja tu marafiki."

"Na filamu inahusu nini?"

Hakujua. Alikuwa ameshataja marafiki tisa.

Simlaumu. Hata sisi bahati ilikuwepo: majibu sahihi tuliyachanganya kapuni, na mtu mwenye macho yaliyofungwa akachomoa kumi. Lakini ili kuingia kapuni ilikupasa kwanza ujue kitu. Waliokosa tiketi walikuwa wengi mno kuliko waliopata, na wote walibaki na jina la Mukesh, la Lata, la Vijay Benedict. Aliyekosa leo anabaki na nini?

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wanaotangaza filamu zetu. Gaweni tiketi, gaweni fulana, gaweni hata simu, lakini ulizeni kwanza. Ulizeni ni nani aliyetunga wimbo, mahadhi yake yametoka wapi, sauti ni ya nani. Mkishindwa kutunga swali, nitafuteni. Daftari ninalo, na pembe ya chini kulia sasa naiweza.