Mbio na Daftari

Leo twataka kuungama kosa letu. Hapa Masumbwe tulikuwa na kijana mmoja hodari wa mbio. Kila siku saa ya hesabu tulimtoa darasani akafanye mazoezi, nasi tukajisifu kwa ushindi wake. Mtihani ulipokuja akashindwa. Sasa yumo mashimoni, anachimba dhahabu.

Wala mfano mwema hatukuukosa. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita kando ya Ziwa Viktoria, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, naye alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini El Paso, Marekani. Vyuo vya huko huwatafuta vijana wenye mbio na kuwalipia karo, lakini hutazama pia alama zao za darasani. Asiyefaulu haingii, ajapokuwa amshinda swala.

Basi sasa mazoezi yetu ni alfajiri, kabla ya kengele. Juzi baba wa kijana yule alituletea mwanawe mdogo, akasema, “Mwalimu, huyu naye ana mbio.” Tukamwuliza mtoto kwanza, daftari lake li wapi.