Uso Uleule: Kionjo cha Filamu Moja ya Wanafunzi na Bango Lake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewapa wasomi wa fasihi kisingizio cha miaka mingi cha kutoyatazama mabango, vipeperushi na vionjo vya filamu kwa jicho la uhakiki. Kinachojitembeza, hudhaniwa, ni bidhaa tu, na bidhaa haina maudhui. Hivyo basi, wanafunzi wa filamu aghalabu huiachia kazi hiyo juma la mwisho la muhula, wakati ambapo filamu yenyewe imekwisha kuhaririwa, macho yamechoka na fedha zimekwisha. Ni nadra mtu kuuliza iwapo kionjo kinasema jambo lilelile linalosemwa na filamu.

Swali hilo liliwafika kwa njia isiyo ya kidarasa wanafunzi watano wa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Filamu yao fupi ya dakika 24 ilihusu mjane mzee wa Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, ambaye wana wa ndugu ya marehemu mumewe wanaanza kumwita mchawi kwa kuwa wanalitaka shamba lake. Mwongozaji, binti aliyezaliwa huko, alimpata mwigizaji mkuu karibu na kwao: bibi ambaye hakuwa amepata kusimama mbele ya kamera maishani mwake, na ambaye aliwapa wanafunzi hao nyumba yake, ua wake na mbuzi wake kwa siku sita bila kudai malipo isipokuwa unga na sukari. Wote walimwita Hawe, yaani nyanya, kama anavyoitwa mwanamke wa umri wake na Wagiriama.

Ieleweke kwamba kisa hicho hakikutungwa hewani. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wameyahama makazi yao; Kaya Godoma, hukohuko Ganze, imewahi kuwa makimbilio ya wazee wa aina hiyo. Mara nyingi, nyuma ya tuhuma huwa kuna ardhi, na mvi hufanywa kuwa ushahidi. Hawe mwenyewe hakuwa ametuhumiwa na mtu yeyote. Alikuwa, hata hivyo, mjane mwenye mvi na mwenye shamba, na hayo matatu alijua uzito wake zaidi ya wanafunzi waliokuwa wakimpiga picha.

Kabla ya kuyasimulia yaliyotokea, yafaa kulitazama neno lenyewe. Wanafunzi wengi husema trela, neno litokanalo na Kiingereza lenye maana ya kitu kinachofuata nyuma, kwa sababu hapo mwanzo vipande hivi vilionyeshwa baada ya filamu iliyokuwa ikitazamwa. Kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1913 na Nils Granlund, aliyeyatangaza majumba ya Marcus Loew huko New York, nacho hakikutangaza filamu bali mchezo wa jukwaani, The Pleasure Seekers. Kiswahili kina neno bora zaidi: kionjo. Anayeonja huchovya kidole katika chungu kilekile kitakachopakuliwa. Mpishi akimwonjesha mgeni asali kisha akampakulia shubiri, hakuna atakayesema kwamba hilo lilikuwa onjo.

Hata hivyo, historia ya sinema haikubaliani moja kwa moja na maana hiyo. Orson Welles alipoitangaza Citizen Kane, ya mwaka 1941, alitengeneza kionjo kwa picha zilizopigwa makusudi kwa kazi hiyo, sauti yake ikisikika na sura yake isionekane. Alfred Hitchcock naye, kwa ajili ya Psycho ya mwaka 1960, aliwatembeza watazamaji kwa takriban dakika sita katika mandhari ya filamu, akafikia bafu na kulifungua pazia. Mwanamke anayepiga yowe hapo ni Vera Miles, ilhali katika filamu anayeuawa bafuni ni Janet Leigh. Wote wawili walidanganya, ukipenda. Lakini udanganyifu wao ulikuwa mchezo kati ya fanani na hadhira, na hakuna aliyeumizwa nao. Fanani wa ngano anayeanza kwa paukwa naye haahidi chochote kuhusu kisa. Hufunga mapatano tu na wanaoitikia pakawa. Kosa la wanafunzi wa Nairobi lilikuwa la namna nyingine.

Kionjo chao cha kwanza kilikuwa cha sekunde 90. Mhariri, kijana hodari ambaye ustadi wake hauna shaka, alikianza kwa giza. Ilifuata sura ya Hawe, kimya, akitazama kando ya kamera. Kisha moto ukiwaka kwa karibu mno. Kisha sura ileile. Ngoma nzito, zilizopatikana bila malipo katika intaneti, zikapanda. Hawe akatoa ukelele, mkono ukiwa juu. Giza tena, na maandishi: Nani anatembea usiku? Bango lilifuata mkondo huohuo. Nusu ya uso ilizamishwa katika weusi, mvi ziling'arishwa hadi zikawa kama fedha, na rangi nyekundu ikapakwa chini. Nakala 50 zilichapishwa River Road, kwa mchango wa mfukoni, na wenzao darasani wakasema kwamba hatimaye kazi ilionekana ya kisinema.

Moto huo, katika filamu, ni wa mafiga matatu ambayo juu yake Hawe anampikia mjukuu uji. Ukelele huo ni wa kufukuza mbuzi walioingia katika mihogo. Hakuna picha hata moja iliyoghushiwa. Lev Kuleshov, Mrusi aliyefanya majaribio yake mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na kuuweka kando ya bakuli la supu, kisha kando ya maiti, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliuona uso uleule ukiwa na njaa, kisha ukiwa na huzuni. Wanafunzi hao walikuwa wamefundishwa jambo hilo katika mwaka wa kwanza, wakalifanyia na mtihani. Hawakulitambua lilipotokea mikononi mwao.

Aliyelitambua ni Hawe. Mwongozaji alikwenda kwao mwishoni mwa juma, zikiwa zimesalia siku tisa kabla ya filamu kuonyeshwa, akiwa amelikunja bango ndani ya bahasha ndefu na kukibeba kionjo katika simu. Bibi alikitazama kionjo hadi mwisho, akaomba kirudiwe. "Hapa nilikuwa nafukuza mbuzi," alisema. Alipofunguliwa bango alilishika kwa mikono miwili kwa muda.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, Hawe."

"Basi wale wa kwenye picha yenu walisema kweli."

Hakukasirika, wala hakudai chochote. Aliomba jambo moja: karatasi hiyo isibandikwe pale kituoni magari yanaposimama, kwa kuwa vijana wengi hupita hapo. Mwongozaji alirejea Nairobi usiku huohuo.

Majadiliano yaliyofuata ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mhakiki. Mhariri aliitetea kazi yake kwa hoja isiyo ya kipuuzi. Alisema kwamba kionjo kinamvuta mtazamaji kwa kumfanya aamini tuhuma, nayo filamu inamwaibisha kwa kuibomoa imani hiyo. Kwamba bila mtego huo mtazamaji angeketi pembeni, akijihesabu mwema tangu mwanzo. Ni hoja ambayo mwalimu yeyote wa riwaya angeipa alama nzuri, maana taharuki nyingi katika fasihi hujengwa kwa njia hiyohiyo ya kumpotosha msomaji ili arudishwe. Lakini msomaji wa riwaya hukishika kitabu kizima. Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu matini zinazoizunguka matini kuu, alizifananisha na kizingiti. Na kizingitini husimama watu wengi wasioingia ndani. Atakayeliona bango kituoni pengine hataiona filamu kamwe. Kwake yeye bango ndilo filamu, na mtego uliokusudiwa kufumbuliwa katika dakika ya 19 hautafumbuliwa.

Sheria za nchi, kwa namna fulani, zimelielewa hili mapema kuliko idara za fasihi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura 222, hulihesabu bango pamoja na filamu yenyewe miongoni mwa vitu vinavyohitaji idhini. Aidha, Sheria ya Uchawi, Sura 67, ya mwaka 1925, pamoja na kasoro zake nyingi za kikoloni, humtia hatiani anayemtuhumu mwenziwe kuwa mchawi, isipokuwa kama tuhuma hiyo imepelekwa kwa chifu, polisi au afisa mwingine wa serikali. Bango la River Road halikuwa likielekea kwa chifu.

Ugumu ulijitokeza zaidi katika muhtasari, ile aya fupi ya kitabu cha ratiba ambayo kila mtu hudhani kwamba inaweza kuandikwa katika dakika tano. Muhtasari wa kwanza ulisema: Mjane mzee anashukiwa kuwa mchawi, na siri za usiku zinaanza kufichuka. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hayumo. Nani anashuku? Sentensi haisemi, shuku imeachwa ielee kama ukungu, nalo neno lililobaki wima ni mchawi. Kishazi cha pili kinaongeza dhambi kwa kuahidi siri ambazo katika filamu hazipo. Waliandika mara nyingi, wakakesha, na kilichowashinda hakikuwa msamiati bali nafasi ya kiima. Walipofika hapa ndipo wakalala: Wana wa shemeji yake wanalitaka shamba; wanaanza kumwita mchawi. Neno lilelile limo, lakini sasa lina wenyewe. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi wa isimu kwamba kauli ya kitenzi ina maadili yake.

Baada ya sentensi hiyo kupatikana, kionjo kilihaririwa upya kwa siku mbili, kwa kuwa kila mtu alijua sasa nani aanze kuonekana. Kilianza na kamba. Vijana wawili wanapima ardhi kwa kamba ya katani mapema asubuhi, bila maneno, na mmoja anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Hawe anatokea mlangoni. Ni uso uleule wa kionjo cha kwanza, picha ileile hata kwa sekunde, lakini safari hii umetanguliwa na kamba. Mbuzi wanaingia katika mihogo, ukelele unasikika, mbuzi wanakimbia. Ngoma ziliondolewa, kilichobaki ni upepo na ile sauti inayohesabu. Kionjo kilikuwa cha sekunde 65. Bango nalo lilichorwa kwa kamba iliyokatiza mbele ya ua, bibi akionekana mzima kutoka kichwani hadi miguuni, na jina la filamu likawekwa chini katikati, pale ambapo leso huwa na jina lake. Wazo hilo la leso lilikuwa la mhariri.

Si haki kuficha kwamba kitu kilipotea. Kionjo cha pili hakitishi. Mtu akikiona kati ya vionjo vingine kumi, vyenye milipuko na vicheko, anaweza kukipita. Siku ya maonyesho ukumbi haukujaa, na wapo waliosema kwamba kwa bango la kwanza ungejaa. Yamkini walisema kweli. Mhariri mwenyewe hakuwahi kukiri kwamba alikosea kisanaa, na hapana sababu ya kumlazimisha akiri. Kionjo chake cha kwanza kilikuwa na mapigo bora na mwendo bora. Shida yake ni kwamba kilikuwa upande wa wana wa shemeji.

Katika karatasi ya kusahihishia, kionjo, bango na muhtasari vilitengewa alama 10 kati ya 100, na mtahini hakuona toleo la kwanza. Kati ya mabango 50 ya mwanzo, mawili yalikuwa yamekwisha kubandikwa karibu na maktaba, yakabanduliwa. Yote yaligeuzwa, na upande mweupe ukatumiwa kuchorea michoro ya mabango mapya.

Kionjo cha pili kilipelekwa Ganze kwa simu ya mjukuu. Hawe alikitazama mara mbili. Kuhusu uso wake hakusema neno. Alisema kwamba yule mbuzi mweusi aliyetangulia kukimbia amekwisha kuuzwa, karo ya shule.