Dawa Isiyo na Mstari Wake

Kazi yangu haihitaji glavu. Ninakaa nyuma ya famasi ya kituo chetu hapa Laare, na kinachonifikia ni karatasi: faili la mama, chati ya leba, karatasi ya dawa. Yaliyotokea usiku, mimi nayageuza kuwa madai ya malipo kwa SHA, bima ya afya ya umma hapa Kenya. Sista akiandika kwamba mama alivuja damu nyingi baada ya mtoto kutoka, naanza kutafuta chini ya alama ya ugonjwa O72. Kondo likiwa limekwama ni O72.0. Likiwa limetoka na damu bado inamwagika, O72.1. Zikishapita saa 24, O72.2.

Kwenye malipo, tofauti hizo zinamezwa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uzazi wa kawaida una kifurushi cha shilingi 10,000, na wa upasuaji 30,000. Mama aliyejifungua upesi akaomba chai, na yule aliyeloanisha godoro kwa damu, wote ni 10,000. Dawa imo humo humo.

Dawa ninayoifuatilia kuliko zote ni asidi ya traneksamiki. Masista huiita TXA, maana usiku wa manane nani ana pumzi ya kulitamka jina lote? Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962, naye Utako tangu mwanzo alikuwa akiwawazia akina mama wanaokufa kwa kuvuja damu. Uthibitisho ulikuja 2017, utafiti wa WOMAN ulipotoa matokeo ya wanawake 20,060 kutoka nchi 21, Kenya ikiwemo: ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi. Baada ya hapo faida haionekani.

Dozi ni gramu moja, inasukumwa mshipani polepole kwa dakika kumi. Ampuli zinazotufikia ni za miligramu 500, kwa hiyo dozi ni ampuli mbili. Karatasi ikionyesha moja, nainuka kwenda wodini kuuliza.

Binamu yangu anashughulikia bili za hospitali za Marekani akiwa Nairobi. Kule dawa nyingi za sindano zina alama zao zinazoanza na J. Oksitosini ni J2590, na kila hadi yuniti 10 huhesabiwa moja. Dawa ya kichupa cha dozi moja ikibaki na kumwagwa, wanaongeza JW. Isipobaki kitu, tangu Julai 2023, Medicare, bima ya serikali yao, inataka JZ, yaani uape kwamba hukumwaga. Nilicheka, kisha nikamwonea wivu kidogo.

Hata hivyo nakipenda kifurushi. Sitaki kuona mume akihesabiwa ampuli mlangoni, huku pesa ya miraa haijamfikia kwenye simu. Ubaya wake ni kwamba kinalegeza kalamu: kisicholipiwa peke yake hakiandikwi, na kisichoandikwa famasi haikiagizi.

Zaidi ya yote kuna saa. Mtu akiandika "8:20" tu, ni saa mbili na dakika ishirini asubuhi, au ni saa nane na dakika ishirini za usiku tunazozihesabu nyumbani na kuzisikia redioni? Kati ya hizo mbili kuna pengo la saa sita, na dawa yenyewe imepewa tatu. Kwa mama anayebaki hapa, sista aliyekuwepo atakueleza. Kwa mama anayepakiwa kwenye ambulensi kwenda hospitali ya Maua, karatasi ya rufaa ndiyo itakayosema. Daktari atakayempokea anaruhusiwa kutoa dozi ya pili damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikianza tena ndani ya saa 24. Atahesabu kuanzia wapi?

Kwa hiyo nimechora safu nne pembeni ya karatasi yetu ya dawa: saa ya mtoto kuzaliwa, saa ya dozi ya kwanza, idadi ya ampuli, namba ya bechi. Hakuna hata moja inayoongeza shilingi kwenye dai. Masista wapya hunung'unika kwamba nawaongezea kazi. Mmoja wa wale wa zamani huzijaza bila kukumbushwa, na chini yake huandika kwa herufi kubwa: SAA YA HOSPITALI, SI YA REDIO.