Sheria Anazijua, Marafiki Hana

Leo naomba tuweke mambo ya msimbo kando, ingawa nadhani tutayarudia kabla hatujamaliza. Nataka tuzungumze kuhusu watoto wenye ADHD, ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kungoja au kushika jambo moja kwa muda. Wengi wao hukosa marafiki.

Wazazi hupendekezewa darasa la stadi za kijamii: mtoto hukaa na mshauri, akafundishwa kusalimia, kungoja zamu na kutokatiza wenzake. Wazo ni zuri. Hata hivyo, mwaka 2019 wachambuzi wa Cochrane walipokusanya majaribio 25 ya mafunzo kama haya, yenye washiriki zaidi ya 2,600, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuyaunga mkono wala kuyapinga.

Mbona? Mtu wa programu ataelewa haraka. Kuna msimbo unaofaulu majaribio yote kwenye mashine yako, halafu unaanguka siku watumiaji wanapoingia kwa pamoja. Mwanasaikolojia Russell Barkley amesisitiza kwa miaka mingi kwamba shida ya ADHD si kukosa kujua la kufanya, bali ni kulifanya wakati linapohitajika. Mpwa wangu wa miaka 9 alinieleza kwa ufupi zaidi: "Mjomba, sheria nazijua. Zinanitoroka tu mpira ukija." Ukimuuliza mezani atakutajia zote. Uwanjani anasukuma, anapokonya, anafukuzwa.

Basi mafunzo yaufuate mpira. Mtu mzima awe karibu, amkumbushe kwa neno moja, amsifu papo hapo anapongoja zamu. Nyumbani, alika mtoto mmoja badala ya kumi, mchagulie mchezo mapema, na wageni waondoke kabla ya ugomvi kuanza.

Upande tunaousahau ni wale watoto wengine. Mwaka 2013 Amori Mikami na wenzake walichapisha jaribio lililohusisha watoto 24 wenye ADHD na wenzao 113. Katika baadhi ya madarasa, walimu hawakuishia kurekebisha tabia. Walimsifu mtoto huyo mbele ya wenzake na kuwazoesha wote kupokeana. Huko watoto wenye ADHD, hasa wavulana, walipendwa zaidi na kupata marafiki zaidi kuliko pale ambapo tabia pekee ndiyo iliyoshughulikiwa.

Na kujithamini je? Usidanganyike na maringo. Watafiti wameona kwamba watoto wengi wenye ADHD hujikadiria juu kuliko hali yao halisi. Anayejigamba kuwa ana marafiki kibao huenda hana hata mmoja wa kumpigia hodi. Kumwambia "wewe ni bingwa" hakumsaidii. Kinachomjenga ni kufaulu jambo dogo la kweli, wenzake wakiona.

Kama unaye mtoto wa namna hii nyumbani au darasani, tafuta jambo moja alilofanya vyema leo, ulitaje kwa sauti wenzake wakiwepo. Halikugharimu hata shilingi.