Chuo na Imani ya Kijana

Wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji." Maana yake, mtoto na afundishwe angali mdogo, kama mfinyanzi afinyangavyo chungu kabla udongo haujakauka. Neno hili ni la kweli, lakini halitoshi kueleza habari za kijana aendaye chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 18 au 20. Yeye amekwisha kufinyangwa nyumbani kwao. Amefundishwa kuomba, amekariri mafungu ya Biblia, pengine amekwisha kubatizwa. Chungu kipo, na umbo lake ni zuri. Lililobaki ni kukichoma. Na chungu kisichochomwa hakichukui maji, bali maji hukiyeyusha.

Basi watu huuliza: Je, chuo cha dini ndicho chenye moto huo? Kijana akiingia katika chuo cha Waadventista wa Sabato, atatoka na imani iliyo imara kuliko ile aliyoingia nayo?

Swali hili si geni kwa kanisa lenyewe. Kanisa la Waadventista wa Sabato liliundwa Marekani mwaka 1863, na mwaka 1874 likafungua chuo chake cha kwanza katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Mmoja wa waliokitaka sana chuo hicho ni Bibi Ellen White, ambaye mwenyewe alisoma kidogo tu. Alipokuwa na miaka 9 msichana mmoja alimpiga jiwe usoni, akaugua sana, hata hakuweza kuendelea na masomo. Bibi huyo alitaka vijana wafundishwe akili, mwili na roho pamoja, wala si akili peke yake. Lakini chuo kilijengwa mjini, mahali pasipo na nafasi ya shamba, na katika miaka ya kwanza masomo yake yalifanana na ya vyuo vingine vya wakati ule. Kilatini na Kiyunani vilikuwa na nafasi kubwa. Kisha ugomvi ukazuka, na mwaka 1882 chuo kikafungwa kwa muda wa mwaka mzima. Kilifunguliwa tena, na hatimaye mwaka 1901 kikahamishwa mpaka Berrien Springs, penye mashamba. Ndipo watu walipoona kwamba jina la dini lililoandikwa juu ya mlango halitoshi kumpa kijana imani.

Katika Afrika ya Mashariki, wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika milima ya Upare mwaka 1903. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa nchi ya Nyasa iitwayo sasa Malawi, walifika Gendia, karibu na ziwa Nyanza. Shule ndogo zilifuata misheni, na vyuo vikuu vikaja baadaye sana. Kile cha Baraton, katika nchi ya Wanandi, kilipewa hati na serikali ya Kenya mwaka 1991, kikawa cha kwanza kupata hati hiyo kati ya vyuo vikuu visivyo vya serikali.

Katika vyuo vya namna hii kila saa ina mpango wake. Kuna saa ya ibada na saa ya darasa. Chakula cha bwaloni hakina nyama. Kazi ya mikono nayo ina nafasi yake, hata mwanafunzi asomaye hesabu ngumu asubuhi aweza kuonekana jioni akipalilia kabichi au akisugua sakafu. Siku ya Ijumaa, kabla jua halijakuchwa, nguo zimekwisha kufuliwa na vitabu vya masomo vimefungwa, na wanafunzi hukusanyika kuikaribisha Sabato kwa nyimbo. Tangu saa hiyo mpaka Jumamosi jua likichwa, hakuna darasa, wala mtihani, wala biashara.

Taratibu hizi ni njema, lakini zina hatari yake. Ni rahisi kuitunza Sabato mahali ambapo kila mtu huitunza. Kijana aweza kudhani kwamba ana imani, kumbe ana mazoea tu. Huamka kwa kengele, huimba kwa kengele, na siku atakapokwenda mahali pasipo na kengele hatajua la kufanya. Mwingine huchukizwa na amri nyingi, akazihesabu siku za kuondoka kama mfungwa. Tena wamo wanafunzi wa makanisa mengine, nao huuliza maswali ambayo mtoto wa mzee wa kanisa hajapata kuyasikia nyumbani kwao. Watu wengine huyaogopa maswali hayo. Lakini pengine humo ndimo moto uanziamo.

Mfano mmoja utaonyesha jambo hili. Kijana mmoja alitoka milima ya Kisii, mtoto wa kwanza wa mzee wa kanisa, akaenda chuo cha Waadventista kujifunza uhasibu. Mwaka wa kwanza alishika kila amri bila kujiuliza neno. Likizo ilipofika akaenda kuuza vitabu vya dini na vya afya nyumba kwa nyumba, ili apate sehemu ya karo, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa vyuo hivyo. Siku moja alibisha hodi kwa mzee mmoja, fundi wa baiskeli, asiye wa kanisa lake. Mzee akamkaribisha, akampa maji ya kunywa, akafunua kitabu polepole, kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, wewe unaishika Jumamosi. Kama baba yako angalikuwa mtu wa kuishika Ijumaa, leo wewe ungeshika siku gani?"

Kijana akafungua kinywa, asipate neno. Mzee hakumcheka. Alinunua kitabu kimoja, akasema, "Ukipata jibu, pita tena."

Aliporudi chuoni alimwendea mwalimu wake wa Biblia, akamweleza habari yote. Mwalimu hakumpa jibu. Alimwandikia mafungu ya kusoma, akamwambia, "Soma mwenyewe, tena soma kama mtu ambaye baba yake si mzee wa kanisa." Kijana akasoma jioni nyingi. Chumbani alikaa na mwenzake Mlutheri. Wakabishana mara kwa mara, lakini hawakugombana. Mambo mengine aliyaelewa, na mengine yalibaki kuwa maswali. Lakini kidogo kidogo akaanza kuomba hata siku ambazo kengele haikumwita. Mwaka wa mwisho, akiuza vitabu tena, alipita kwa yule fundi, akamwambia, "Mzee wangu, sijui ningeshika siku gani. Najua tu kwa nini naishika hii." Mzee akajibu, "Hilo ni jibu la mtu mzima."

Hata alipomaliza masomo, akapata barua ya kazi: awe mhasibu katika duka kubwa mjini, kwa mshahara mzuri. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Aliomba afanye kazi Jumapili badala yake, akakataliwa. Na nyumbani wadogo zake wawili walikuwa katika shule ya sekondari, wakidaiwa karo. Baba yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, Mungu anaijua shida yetu. Fanya kazi hiyo mwaka mmoja tu, wadogo zako wamalize. Kisha utatafuta nyingine."

Neno hilo lilimshtua kijana, maana aliyesema ndiye aliyemfundisha Sabato tangu utoto wake. Akajibu kwa adabu, "Baba, kama ungaliniambia hivi kabla sijaenda chuoni, ningalikutii, kwa kuwa Sabato ilikuwa yako. Sasa ni yangu pia. Nakuomba uniache niitafute karo kwa mikono hii."

Akakodi shamba dogo karibu na mto, akapanda kabichi na sukuma wiki kwa namna aliyojifunza chuoni. Mwaka ule fedha zilitosha kumlipia mmoja tu. Mdogo wake wa kike alikaa nyumbani mihula miwili, wala hakuficha uchungu wake. Kila alipomwona dada yake akichota maji saa ambazo wenzake walikuwa darasani, kijana aliumia moyo. Maana aliona kwamba gharama ya imani yake haikulipwa na yeye peke yake. Msichana alirudi shuleni mwaka wa pili.

Na ile kazi ya duka ilipokewa na mwenzake waliyesoma pamoja, ambaye chuoni alikuwa wa kwanza kufika ibadani kila asubuhi. Haifai kumhukumu, maana hakuna ajuaye shida za nyumba ya mwenziwe. Lakini walikula bwalo moja na kusikia mahubiri yale yale, na kila mmoja akatoka na lake. Moto mmoja hauchomi vyungu vyote sawasawa.

Sheria za nchi nazo zaweza kusaidia. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wa shule za sekondari wana haki ya kupewa nafasi ya kuitunza Sabato yao. Hata hivyo sheria humfungulia mtu mlango tu. Kuingia ni juu yake mwenyewe.

Basi chuo cha dini kina faida kubwa. Humpa kijana wakati wa kutulia, walimu wa kuwauliza, wenzake wa kubishana nao, na kazi ya kuizoeza mikono yake. Lakini hakiwezi kuamini kwa niaba yake. Na mtoto aliye bado katika shule ya msingi hana haja ya kungoja chuo. Akiulizwa leo kwa nini anasali, asijibu kwamba nyumbani kwao husali tu, bali atafute jibu lake mwenyewe, wala asione haya likichukua miaka mingi kupatikana.