Nembo ya Kifuani

Ewe kijana usomaye, inamisha kichwa uitazame nembo iliyo kifuani pa sweta lako. Ikiwa ilitiwa kwa mashine kiwandani, huenda huna habari ya jambo hili. Lakini ikiwa ilishonwa kwa mkono, pindua sweta uzitazame nyuzi za upande wa ndani. Hapo utasoma habari za usiku mmoja wa mzazi wako.

Serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma mwezi wa Januari 2003, na watoto wengi waliokuwa majumbani wakaingia darasani. Sare, hata hivyo, ilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Mwenye mfuko mwepesi hununua sweta tupu sokoni, kisha akatafuta nembo peke yake, au akaifumua ile ya sweta kuukuu la mkubwa wake mtoto. Shilingi ziokolewazo hapo ndizo zinunuazo madaftari.

Nami nilifanya vivyo hivyo binti yangu alipoingia darasa la kwanza. Mama yake alikuwa kazini, zamu ya usiku, na shule zilifunguliwa kesho yake. Chuo cha ualimu kilinifunza kugawanya somo la dakika 35, sindano hakikunionyesha.

Shida yenyewe ni hii. Sweta limefumwa, hunyumbuka. Nembo ni kitambaa kigumu, hainyumbuki. Ukilivuta sweta unaposhona, mara uliachiapo hujikunja, na nembo ikavimba katikati kama andazi. Dawa yake ni kulitandaza mezani bila kulivuta, kutia kipande cha kitambaa cha pamba kwa ndani, na kupiga bandi pande zote kwa uzi wa rangi nyingine. Ndipo ushone mishono midogo ya karibu karibu. Gundi usiifikirie, haistahimili beseni la kwanza la kufulia. Sindano nayo hulikataa pindo nene la nembo, ikachagua kidole. Kastabini sikuwa nayo, basi nikaisukuma sindano kwa sarafu ya shilingi kumi.

Binti alikataa kulala. "Baba, itakaa kama ya wenzangu?"

Nilijua kwa nini aliuliza. Mwalimu wa zamu hukagua mistari asubuhi, nami nimeishika zamu hiyo mara nyingi. Kifua kisicho na nembo huonekana toka mbali, na ziko shule ambazo mtoto wa namna hiyo hurudishwa nyumbani. Mtoto wa miaka sita atamwelezaje mwalimu bei ya sweta?

Yapata saa tano ya usiku nilichomoa uzi wa bandi. Nembo ilikaa wima. Mama yake aliporudi alfajiri alilipindua sweta, akatazama kitambo, akasema, "Mwalimu, upande huu usimwonyeshe mtu."

Sweta hilo limekwisha toboka viwiko. Nembo nimeifumua, ingali nzima, inangoja sweta la pili.